Jibu kwa anayetaka kuzalisha lorikiti Lindi: hilo bakuli la kutwa nzima liache

Mkuu wa Lindi, simama hapo hapo. Unataka kuzalisha lorikiti, wale kasuku wanaoishi kwa nekta, yaani maji matamu ya maua. Umeuliza boksi la kutagia liwe na ukubwa gani, dume na jike unawatofautishaje, makinda wanaanza kujitegemea lini. Sawa. Ila katikati umechomeka, kama jambo dogo tu, kwamba ukienda kazini asubuhi utawaachia bakuli kubwa la asali na maji wanywe mpaka jioni, maana aliyekuuzia kasema "asali haiozi". Nilipofika hapo chai ilinipalia.

Maneno hayo hayo niliambiwa na bwana mmoja wa Dar aliyeniuzia jozi yangu. Alijiita mtaalamu. Asali haiozi, kweli, ikiwa ndani ya chupa yake, kwa sababu maji yake ni machache mno kwa hamira kuota. Ukishaizimua ni kitu kingine kabisa. Kama asali na maji haviharibiki, wanzuki wa Tabora, ile pombe ya asali, unatengenezwa kwa nini? Hapa kwetu hata mtoto anajua tembo la mnazi likishushwa alfajiri ni tamu, jioni limechacha. Sasa weka bakuli lako bandani, Lindi, mwezi wa pili, kaskazi inavuma na joto lile lenye unyevu unalijua mwenyewe. Halafu ndege wenyewe hawana adabu: wanaoga humo humo na kunyea humo humo.

Mimi niko Mtwara, Chikongola. Jike wangu alitaga mayai mawili, ndiyo kawaida yao, akaatamia zile wiki tatu na siku zake za juu, makinda wote wawili wakatoka. Nikatangaza mtaa mzima kama nimepata wajukuu. Kumbe wazazi wanakunywa bakulini, wanakwenda kuwacheulia watoto mdomoni. Bakuli likichacha, kinda analishwa chachu moja kwa moja. Siku nafungua boksi, mfuko wa chakula pale shingoni umevimba, laini, hauteremshi kitu, na harufu ni ya kilabuni. Wale fangasi wa kandida walikuwa wameshajaa. Nikampigia mtu wa mifugo, mzoefu wa ng'ombe na kuku, akasema wape antibaiotiki. Aisee! Antibaiotiki inaua bakteria, kandida haiguswi, tena ndiyo inapata nafasi ya kutamba. Makinda wakafa, jike akafuata. Pale ndipo ilipoishia hela yangu ya korosho ya msimu mzima. Jirani akaeneza kwamba nilifungua baa ya ndege na wateja wakafia kaunta. Nilicheka naye, ningefanyaje. Mke wangu hakucheka. Yeye alitaka mbuzi tangu mwanzo.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine yote utayapuuza: nekta ya bakuli, iwe ya asali au ya unga wa lorikiti uliokorogwa na maji, haikai bandani zaidi ya masaa matatu. Ikibaki nusu, mwaga. Ikibaki yote, mwaga. Usiionje, usiinuse, usijiambie "bado nzuri hii". Kuna watu watakwambia hata masaa manne hayana neno, na wengine wanasema inatosha kubadilisha asubuhi na jioni. Waulize wanaishi wapi. Mimi naweka saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu bakuli linatoka. Naweka tena jioni, giza likiingia natoa. Bakuli ziwe seti mbili, zisuguliwe kwa brashi na maji ya moto, zianikwe juani. Ule utelezi unaobaki kwenye kona ndio mbegu ya balaa la kesho. Mchanganyiko uliobaki ukae kwenye friji, na umeme ukikatika kwa muda mrefu, na huo pia mwaga. Najua inauma, unga wenyewe bei yake unaijua.

Mchana huo hawafi njaa. Waachie unga mkavu wa lorikiti na maji safi pembeni, vipande vya papai, embe au tikiti, na hayo matunda nayo yasilale humo. Parachichi usithubutu, ni sumu kwao. Dawa za kuku za kuongeza damu pia kaa nazo mbali, hawa madini ya chuma huwalimbikia kwenye ini. Na alizeti! Yule bwana alinipa mfuko wa alizeti juu ya bei, eti zawadi. Ndege ambaye ncha ya ulimi wake ina vijinywele vya kukombea nekta na chavua, firigisi yake dhaifu, wewe unampa alizeti? Zawadi!

Dume na jike: kwa lorikiti wengi rangi ni moja, usihangaike kukodoa macho, unyoya upelekwe ukapimwe DNA. Boksi: maranda yabadilishwe mara kwa mara, kinyesi chao ni maji matupu na makinda wanaishia kulala kwenye tope. Na miguu ya meza ya bakuli isimame ndani ya makopo ya maji, la sivyo sisimizi watawahi kunywa kabla ya ndege.

Sasa nijibu wewe: saa tatu asubuhi, ukiwa kazini, nani atatoa hilo bakuli? Kama ni mdogo wako wa sekondari, atakuwa shule. Kama hakuna mtu, usinunue kwanza. Na huyo aliyekuuzia, nitumie jina lake inbox, nina wasiwasi ni yule yule.