Maswali na Majibu: Bembelezi Iliyogeuka Wimbo wa Taifa wa Kenya

Swali: Je, ni kweli kwamba wimbo wetu wa taifa ulitokana na wimbo wa kumlaza mtoto?

Ni kweli. Lahani yake ni ya bembelezi ya Wapokomo wanaoishi kandokando ya Mto Tana. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi walikabidhiwa jukumu la kutayarisha wimbo, nao wakaichukua lahani hiyo, wakaipangia sauti na kuitungia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Anayetajwa kuwa chimbuko la lahani ni Mzee Meza Morowa Galana, ambaye jina lake, kwa maoni yangu, lingestahili kufundishwa shuleni pamoja na hayo matano.

Swali: Kwa nini tunaimba "ilete baraka", ilhali Mungu huchukua "alete"?

Kwa sababu kitenzi hakikufuata "Mungu" bali "nguvu yetu", jina ambalo Mungu amepewa katika mshororo wa kwanza. Anayesikia kosa hapo ameuruka mshororo huo.

Swali: "Natukae na undugu" ina "na" mbili. Je, zina kazi moja?

Hapana. Ya kwanza ni ya kuhimiza, sawa na ile ya "na iwe". Ya pili ni ya kuambatanisha. Ubeti wote, kwa hakika, umejengwa kwa vitenzi vya kuomba na kuhimiza: ilete, iwe, natukae, tupate. Hakuna hata kimoja kinachojisifu.

Swali: Mbona wimbo huu haujachakaa?

Bembelezi huimbwa na mlezi aliyechoka, usiku, bila ala yoyote, kwa hiyo lahani yake haina budi kuwa nyepesi kubebwa na koo la mtu wa kawaida. Ndiyo maana wanafunzi waliojipanga mbele ya mlingoti wa bendera huimudu bila kinanda. Maneno nayo hayamtaji kiongozi, chama wala kabila, na hivyo hayakulazimika kubadilishwa serikali zilipobadilika.

Swali: Beti ni ngapi?

Ni tatu, ingawa wengi wetu huanza kumung'unya maneno tukifika wa pili. Hasara yake ni kwamba ubeti wa kwanza hauitaji Kenya hata mara moja. Jina la nchi hutokea katika mshororo wa nne wa ubeti wa pili.