Simu isiyo na waya ndani ya nyumba ya mawe

Mama yangu analala ghorofa ya pili na goti lake halitaki ngazi. Simu ya mezani iko chini, ukumbini. Tulipomnunulia ile isiyo na waya tukajua tumemaliza. Siku hiyo hiyo shangazi akapiga kutoka Wete. Mama akapokea kitandani: "Haloo? Haloo?" Simu ikalia ti-ti-ti, ikanyamaza. Akafungua dirisha la uani akaniita mpaka majirani wakasikia: "We mwanangu, simu hii umeinunua au umeiokota?"

Boksi limeandikwa mita 50 ndani ya nyumba, 300 nje. Kutoka kitako cha simu, kile kinachochomekwa kwenye laini, hadi kitanda cha mama hazifiki mita 15. Lakini aliyeandika boksi hajawahi kukaa Mji Mkongwe. Ukuta wetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Nimeupima pale dirishani, sentimita 62. Na hapo wimbi la redio linalobeba sauti limeupita moja kwa moja. Likiupita mshazari wa digrii 45 linakata karibu sentimita 88. Halafu kuna boriti. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita tatu hivi. Kwa hiyo wimbi likipiga hatua nne tu, ukuta mwingine huo. Dari nayo si mbao tupu, juu ya boriti mna mawe na chokaa. Masika kuta zikinywa maji ndiyo balaa zaidi, maana ukuta uliolowa hulimeza wimbi kuliko mkavu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua ripita, kile kidude cha kurudia mawimbi ya simu, na kuichomeka chumbani kwa mama. Niliona ndipo penye shida, basi ndipo pa kuitia. Ikakaa inamwekamweka taa, haina faida yoyote. Ripita haizalishi mawimbi, inayasikia na kuyarudia. Ukiiweka mahali pasipofika kitu, itarudia nini? Iweke nusu ya njia, mahali ambapo mkono wa simu bado unasikika safi. Na uhakikishe inasikilizana na kitako chako. Mbili zilizo DECT zote, yaani za mfumo mmoja wa simu zisizo na waya, bado zaweza kukataana, khasa za kampuni mbalimbali.

Baadaye nikafanya jambo ambalo ningelianza nalo. Nilimpigia dada yangu wa Mwanakwerekwe, nikamwambia ahesabu kuanzia moja bila kusita, nami nikatembea nyumba nzima na chaki mfukoni. Kila alipokatika nikatia alama kizingitini. Alifika mia tatu na kitu, akachoka, akaanza kunihesabia madeni yangu. Lakini chaki ilinionyesha nisilolitarajia: kwenye ngazi na kwenye korido zinazouzunguka ua simu ilisikika mpaka juu kabisa, ilhali chumba cha pili tu kutoka ukumbini kilikuwa kimya. Wimbi lilikuwa linapanda uani, kwenye uwazi, linaingia milangoni na madirishani. Na mie muda wote nilikificha kitako nyuma ya friji, kwenye pembe ya kuta mbili.

Nikanunua waya wa simu mita nane, nikakihamisha kitako hadi kwenye kidirisha kinachotazama ua, juu kupita kichwa cha mtu. Ripita nikaitundika kwenye korido ya ghorofa ya kwanza. Kwenye mipangilio nikazima ile hali ya kuokoa nguvu inayoitwa eko, maana inapunguza nguvu za kitako. Sikutoboa ukuta hata mmoja; waya umepita palipopita nyaya za umeme. Usiwe mwepesi wa kushika drili, chokaa ya zamani hubomoka donge zima, na mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Ukitoboa kwa ruhusa, ziba kwa chokaa, si saruji.

Jamaa wa Marekani akitaka kukuletea simu, mwambie alete viatu. Za huko zinatumia masafa ya 1920 hadi 1930 MHz, za Ulaya 1880 hadi 1900, hazisikilizani. Na adapta zao nyingi ni za volti 120. Ya kwetu ya mwanzo kabisa, iliyotoka huko, niliichomeka kwenye 230 ya hapa. Ilinuka kabla haijalia.

Usiitupe simu ya zamani yenye waya. Kitako hiki kinataka umeme, na sisi tuliokuwepo Unguja kwenye lile giza la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009 hatuhitaji kuhadithiwa. Ile ya zamani hupata nguvu kutoka kwenye laini yenyewe. Ya kwetu ipo chini ya ngazi, imefunikwa kitambaa.

Mama sasa anaongea na shangazi hata saa nzima, amelala ubavu. Kilichobaki kimya ni stoo ya chini tu, nako sijapatafutia dawa. Mkewangu amenikataza.