Iache Kabureta Kwanza

Maswali yaliyoingia safari hii yamefanana mno. Karibu kila mmoja ameanza hivi: "Fundi, nimefungua kabureta nikaisafisha, lakini tatizo liko palepale." Litaondokaje? Umefungua kisicho na kosa, chenye kosa umekiacha. Kabureta ya skuta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, ina vijitundu vya shaba viitwavyo jeti, boya na sindano. Ikikingwa na uchafu na petroli iliyozeeka hukaa miaka bila kuguswa. Plagi, kichujio cha hewa, mirija, betri na valvu huchoka mapema zaidi, na kuvikagua hakuchukui hata nusu ya muda wa kuishusha kabureta. Nitalisema hilo mpaka mnichoke.

SWALI: Shikamoo fundi. Skuta yangu imegoma kuwaka tangu jana. Tatizo litakuwa nini?

JIBU: Marahaba. Sijui, maana hujaniambia chochote. Starta inazungusha injini au imekaa kimya? Plagi ukiitoa ni kavu au imelowa? Ina cheche? Starta ikiwa kimya, jaribu kubana breki: skuta nyingi hazikubali starta bila breki, na nyingine zina swichi kwenye stendi ya pembeni. Plagi ikiwa kavu baada ya kupiga kiki mara kadhaa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa na cheche ipo, petroli imezidi. Ikaushe, irudishe, fungua ekseleta yote kisha zungusha injini. Na unapotazama cheche, gusisha plagi kwenye chuma cha injini mbali na tundu ulikoitoa. Mvuke unaotoka pale ni wa petroli, na wengi wameunguza nyusi kwa haraka zao.

SWALI: Nina skuta ya 50cc ya mipigo minne. Ilikaa miezi bila kutumika. Sasa inawaka vizuri asubuhi, lakini ikishapata moto inazima nikiachia ekseleta. Nikiishikilia kidogo inaendelea. Ile skrubu ya mchanganyiko nimeizungusha pande zote, hakuna nafuu.

JIBU: Hapa kwa mara moja kabureta ina hatia, ila aliyeitia hatiani ni wewe uliyeiacha na petroli ndani. Petroli ikikaa inapoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utando wa kunata. Ikiwa imechanganywa na ethanoli mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu ethanoli inavuta unyevu. Utando huo huziba kwanza tundu dogo kuliko yote, nalo ni la jeti ya mwendo wa chini. Kwenye injini ndogo kama yako tundu hilo lina upana wa kiasi cha milimita 0.35 tu. Asubuhi inawaka kwa sababu choki ya otomatiki inaongeza petroli kwa njia yake yenyewe. Choki ikishajifunga, injini inaitegemea jeti ile, na jeti haina cha kutoa. Ukifungua ekseleta, sindano na jeti kubwa zinachukua kazi; ndiyo maana inaendelea.

Shusha kabureta, fungua bakuli la boya, toa jeti zote mbili. Ziinue kwenye mwanga. Usipoona duara safi la mwanga, bado imeziba. Puliza dawa ya kusafishia kabureta kisha hewa ya kompresa, jetini na kwenye njia zote za ndani ya kabureta yenyewe, maana jeti safi kwenye njia iliyoziba ni kazi bure. Usichokoe kwa sindano ya kushonea wala waya wa chuma. Jeti ni shaba, shaba ni laini, na tundu likipanuka kwa nywele moja utakuwa na tatizo jipya la petroli kuzidi. Ukilazimika kuchokoa, tumia uzi mwembamba wa nailoni, ule wa kuvulia samaki.

Sasa skrubu. Umeizungusha "pande zote", na bila shaka hukuhesabu ilikuwa wapi. Kabla ya kuigusa skrubu hiyo, ifunge taratibu mpaka ikae huku ukihesabu mizunguko, uandike, kisha uirudishe hapohapo. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake ni nyembamba na inachimba kiti chake. Kwenye kabureta za skuta nyingi za mipigo minne skrubu iko upande wa injini na inapima petroli: ukiilegeza, petroli inaongezeka. Kwenye nyingi za mipigo miwili iko upande wa kichujio na inapima hewa: ukiilegeza, petroli inapungua kwa kulinganisha. Anayekwambia "legeza nusu mzunguko" bila kuuliza iko upande gani, usimsikilize. Marekebisho hufanywa injini ikiwa imeshapata moto, na si ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa injini una gesi inayoua bila harufu.

SWALI: Naweza kuondoa kichujio cha hewa ili injini ipumue vizuri?

JIBU: Hapana. Utapata kelele utakazodhani ni nguvu, na mchanga utakaokula ringi na silinda.

SWALI: Inakwenda vizuri, halafu baada ya muda inaanza kukohoa na kuzima. Nikipumzika kidogo inawaka tena kama hakuna lililotokea. Kabureta imesafishwa mara tatu.

JIBU: Mara tatu! Na mfuniko wa tangi umefunguliwa mara ngapi? Siku itakapozima tena, fungua mfuniko palepale. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikawaka mara moja, kitundu cha kupumulia cha mfuniko kimeziba. Petroli haiwezi kushuka ikiwa hewa haiingii kujaza nafasi yake. Kama mfuniko hauna neno, kagua chujio dogo la petroli na mrija uliopindika nyuma ya plastiki.

Ikiwa petroli inafika bila shida, tazama cheche wakati uleule inapozima, si baada ya kupoa. Koili inayotengeneza umeme wa cheche, ikichoka, hutoa cheche nzuri ikiwa baridi, ikipata moto inakata. Fundi anayeipima asubuhi karakana ikiwa na ubaridi atakwambia ni nzima, naye hatakuwa amekudanganya.

SWALI: Fundi, oili ya injini inaongezeka yenyewe! Sijaongeza hata tone, lakini kijiti kinaonyesha imepanda. Ni baraka au vipi?

JIBU: Usiwashe tena hiyo skuta. Nusa kijiti. Ikinuka petroli, petroli inashuka kwenye injini na kuchanganyika na oili, na oili iliyochanganyika na petroli hailindi chochote. Beringi na ukuta wa silinda vinasagika huku wewe ukifurahia baraka.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni sindano ya boya, ile ya kuzuia petroli bakuli likijaa, isiyofunga kwa uchafu au kwa ncha iliyolika, hivyo bakuli la kabureta linafurika na petroli inatiririka kuelekea injini. Ya pili husahaulika: koki ya petroli inayofunguliwa na mvuto wa hewa wa injini. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Kikipasuka, petroli inavutwa moja kwa moja kupitia ule mrija mwembamba wa mvuto, kabureta haihusiki kabisa. Kuthibitisha ni rahisi. Chomoa mrija mwembamba kwenye koki. Ukiwa na unyevu wa petroli ndani, kiwambo kimekwisha. Kisha chomoa mrija wa petroli, injini ikiwa imezimwa. Ikitiririka, koki haifungi. Fanya hivyo nje, injini ikiwa baridi, bila sigara mdomoni.

Rekebisha chanzo kwanza, ndipo umwage oili na kuweka mpya. Wapo wanaobadili oili tu na kurudi barabarani. Wiki ijayo wanaandika tena.

SWALI: Injini inanguruma sana lakini skuta inajikokota. Niongeze jeti namba ngapi?

JIBU: Hakuna jeti inayohusika. Injini inayonguruma ina nguvu, ila nguvu hazifiki gurudumuni. Fungua kifuniko cha upande wa mkanda. Pima upana wa mkanda ulinganishe na kipimo cha kitabu, tazama vizito vya variata, ile puli inayobadili uwiano wa mkanda kadiri mwendo unavyopanda, kama vimepata ubapa, na klachi kama imeungua au imelowa oili. Namba ya jeti uliyotaka kuniuliza ingeongeza tu matumizi ya petroli.

SWALI: Nikiachia ekseleta mwendo wa injini haushuki, unabaki juu kwa muda au hata unapanda wenyewe. Fundi mmoja ameipunguza kwa skrubu, sasa ikiwa baridi inazima.

JIBU: Huyo fundi ameficha ugonjwa. Anza na waya wa ekseleta: zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, injini ikiwa inaunguruma. Mwendo ukibadilika, waya umebanwa au hauna ulegevu. Kama sivyo, hewa inaingia mahali isipotakiwa, mara nyingi kwenye ule mpira kati ya kabureta na injini. Mpira huo hupasuka kwa nyufa ambazo hazionekani mpaka uukunje kwa mkono. Wengine hupuliza dawa inayowaka kuzunguka mpira ili kusikia mwendo ukibadilika. Njia hiyo inafanya kazi, ila karibu yako kuna bomba la moshi lenye joto kali, kwa hiyo mimi napendelea kuuvua mpira na kuukunja.

Kwenye mipigo miwili kuna mwizi mwingine wa hewa: sili za shafti kuu ya injini, yaani mipira inayozuia hewa kupita. Sili ikichoka, hewa inazidi, joto linapanda na pistoni inaweza kuganda ndani ya silinda. Mwendo unaopanda wenyewe kwenye injini ya mipigo miwili ni onyo, usiendelee kuitumia skuta kwa sababu tu "bado inatembea".

SWALI: Nimefunga bomba la moshi la michezo. Inapiga milipuko nikiachia ekseleta, na plagi imekuwa nyeupe.

JIBU: Kagua kwanza gasketi ya bomba pale linapoungana na injini; likivuja hapo, milipuko inatoka hapo. Kama imefunga vizuri, bomba jipya limebadili pumzi ya injini na petroli haitoshi. Jeti kubwa huhusika ekseleta inapokaribia kufunguka yote, sindano hutawala katikati, jeti ndogo chini. Kwa hiyo jiulize tatizo liko wapi kabla ya kununua jeti kumi. Panda namba moja moja ya jeti. Plagi isome baada ya kukimbia kwa ekseleta yote na kuzima injini hapohapo. Ukiitazama baada ya kusubiri kwenye foleni inakueleza habari za foleni. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe ni joto lililozidi, nyeusi kavu ni petroli iliyozidi, nyeusi ya kung'aa kwa mafuta ni oili inayopanda. Tena kwa nini ulibadili bomba? Hukusema, nami nadhani ni mlio.

SWALI: Plagi inakuwa nyeusi kila mara, petroli inakwisha haraka. Ikiwa baridi iko safi, ikipata moto inachoka. Nimeambiwa ninunue kabureta mpya.

JIBU: Usinunue. Kichujio cha hewa kikiwa safi, mshukiwa ni choki ya otomatiki, kile kisilinda kidogo chenye nyaya mbili ubavuni mwa kabureta. Ndani yake kuna nta inayopashwa moto na umeme. Inatanuka, inasukuma sindano na kuifunga njia ya petroli ya ziada ndani ya dakika chache. Ikifa, njia inabaki wazi siku nzima. Itoe, iunganishe na betri ya volti 12 na usubiri dakika tano hivi. Sindano isiporefuka na chombo kisipopata joto, umempata. Kikifanya kazi vizuri mezani, angalia kama umeme unafika kwenye nyaya zake. Choki hununuliwa peke yake.

SWALI: Asubuhi inawaka kwa kiki moja. Ikiwa ya moto haiwaki mpaka ipoe, na kiki imekuwa nyepesi sana. Injini lakini imetulia, haina kelele kabisa kama zamani.

JIBU: Utulivu huo ndio unaonitia shaka. Valvu zinapokaa sana bila kurekebishwa, nafasi kati yake na mikono inayozisukuma hupungua, hasa ya valvu ya moshi, na kelele hupungua pamoja nayo. Injini ikipata moto valvu zinarefuka, hazifungi kabisa, mgandamizo unapotea. Kiki nyepesi ni ushahidi tosha. Ukiendelea hivyo, valvu ya moshi itaungua.

Pima nafasi hiyo injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku mzima. Linganisha alama ya T ya flaiwili, lile gurudumu zito la shafti ya injini, na alama ya injini, uhakikishe pistoni iko juu kwenye mpigo wa kubana: mikono yote miwili ya valvu inacheza kidogo. Kipimo kinatofautiana kwa injini, ila kwenye skuta ndogo nyingi za mipigo minne ni kati ya milimita 0.05 na 0.12, fuata kitabu cha yako. Karatasi ya chuma ya kupimia ipite kwa kukwama kidogo. Kaza nati, pima tena, kwa sababu nati ikikazwa skrubu hujizungusha. Ukirudisha plagi, ianze kwa vidole mpaka ikae, ndipo ushike spana. Uzi wa aluminiamu ndani ya tundu la plagi ukishaharibika, hiyo ni kazi ya karakana.