Udongo umerudi “safi” kutoka maabara. Je, ninunue kiwanja kilichokuwa sheli?

SWALI: Nataka kununua kiwanja ambacho zamani kilikuwa sheli. Sasa pamemwagwa zege na panaoshewa magari. Muuzaji amenionyesha karatasi ya maabara ya mwaka juzi: pH ya udongo 6.8, hakuna zebaki, hakuna arseniki. Dalali anasema hiyo ndiyo tathmini ya mazingira. Je, inatosha, au nirudie kipimo kwenye maabara nyingine?

JIBU: Usirudie. Ukirudia utalipia mara ya pili jibu la swali ambalo halihusiani na sheli.

Karatasi za namna hii naletewa kila mara, na kila mara aliyeileta ana uso wa mtu aliyekwisha kumaliza kazi. pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ni ya mtu anayetaka kupanda mahindi. Maabara haipimi “uchafu”. Inapima kile ilichoagizwa. Ukiiagiza zebaki itakutafutia zebaki, na petroli ikiwepo itapita bila kutajwa. Penye historia ya sheli tunaagiza kemikali zilizomo ndani ya petroli, yaani benzini, tolueni, ethilibenzini na zailini, tukaongeza madini ya risasi ikiwa kituo kiliuza mafuta enzi zile yalipokuwa yakitiwa risasi.

Hata wangeagiza hayo yote, bado ningeuliza: udongo ulichotwa wapi, na ulisafirije? Kitako cha tangi huwa mita 3 au 4 chini. Tangi likitoboka, au kiungo cha bomba kikilegea, petroli huteremka mpaka ikutane na maji ya ardhini, ikaelea juu yake na kufuata mkondo wake. Udongo wa juu unaweza kuwa kifusi kilicholetwa na lori juzi tu. Na benzini ni nyepesi kuruka: ukiitia sampuli kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha kwenye buti la gari juani, maabara itapokea udongo tu. Sampuli ya aina hiyo hufungwa kwenye chupa ya kioo isiyopitisha hewa na kuwekwa kwenye barafu. Msidharau kiasi kidogo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za benzini kwa lita, maana yake gramu 1 inatosha kufikisha lita 100,000 kwenye kikomo hicho.

Tathmini haianzi na koleo. Kiwango cha tathmini kinachofuatwa sana, ASTM E1527 cha shirika la viwango la Marekani, ambacho toleo lake la sasa ni la 2021, kinadai kwa awamu ya kwanza kupekua kumbukumbu, kutembelea kiwanja, kuhoji watu wanaokifahamu, na kuandika ripoti. Basi. Hakuna sampuli hata moja. Tunatafuta picha za zamani za angani, vibali, kiraka cha zege kisichofanana na kingine, kibomba cha kutolea hewa ya tangi kilichosahauliwa ukutani. Hayo ndiyo yanayotuambia awamu ya pili ichoronge wapi na itafute nini. Na kwa kiwango hicho, sehemu kuu za uchunguzi zikipita siku 180 kabla ya ununuzi hutakiwa kufanywa upya, kwa hiyo karatasi ya mwaka juzi ingekuwa imechacha hata kama ingekuwa tathmini ya kweli.

Wanaonichosha zaidi ni wauza vyeti. Yupo anayekuja na kifaa cha mkononi, anazunguka kiwanja robo saa, kisha anaandika “kiwanja ni safi”. Mtaalamu anayejiheshimu haandiki neno hilo. Anaandika kwamba hakuona dalili, na anaeleza aliangalia wapi na wapi hakufika. Yupo pia asiyekanyaga kiwanja kabisa. Nimewahi kusoma ripoti iliyoeleza kwa kirefu mto unaopakana na kiwanja nilichokuwa nimesimama juu yake. Mto haukuwepo. Ulikuwa wa ripoti ya mteja mwingine.

Na asiyenunua sheli asijione amepona. Dobi wa kemikali aliye jirani anaweza kuwa ametumia tetrakloroethilini, kiyeyushi cha kusafishia nguo bila maji, ambayo ni nzito kuliko maji: huzama chini ya maji ya ardhini, husafiri hadi kwa jirani, na mvuke wake hupanda kupitia nyufa za sakafu ya nyumba ambayo haijawahi kuona kemikali. Huko Love Canal, Marekani, mwaka 1953 kampuni ya kemikali iliiuzia bodi ya shule ardhi yenye taka zake kwa dola 1, na hati ya mauzo ilizitaja taka hizo waziwazi. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata, na mwaka 1978 ikatangazwa hali ya dharura. Sheria iliyotungwa huko mwaka 1980 inaweza kumbana mmiliki wa sasa hata kama si yeye aliyemwaga. Moja ya kinga zake ni kuwa amechunguza ipasavyo kabla ya kununua.

Kwa kiwanja chako: muulize muuzaji matangi yako wapi. Kama yaling’olewa, nani aliyang’oa, na ziko wapi picha za shimo na vipimo vya udongo wa chini yake? Kama yalijazwa mchanga na kuachwa, yalisafishwa kwanza? Maji ya kuoshea magari yanaishia wapi? Akikujibu kwa kukuonyesha tena ile pH, usitoe hata arubuni.