Desemba Málaga: koti ni la ndani ya nyumba

Dada uliyeuliza kama uache makoti ukija Málaga, huku kusini mwa Hispania, Desemba: mchana sawa, jua lipo, nyuzi 17 hivi, unakunywa kahawa nje bila shida. Kasheshe ni ndani. Nyumba nyingi za pwani hii zilijengwa kwa kuwazia kiangazi, sakafu vigae vitupu, usiku unavaa soksi mbili. Kabla ya kulipia chumba, uliza hita kwanza. Bahari sahau, maji ni nyuzi 15 au 16. Wanaoogelea ni wageni wa Ulaya Kaskazini, sisi wa Tanga tunawatazama tu.

Tarehe 24 usiku kila mtu yuko kwao na migahawa mingi hufungwa, kwa hiyo nunua chakula mapema. Tarehe 31, saa sita usiku, watu hula zabibu 12, moja kwa kila mlio wa saa. Chukua zisizo na mbegu, mwaka wa kwanza nilipaliwa vibaya! Na tiketi ya kurudi iwe baada ya Januari 6. Jioni ya tarehe 5 watu waliovaa kama Wafalme Watatu, wale mamajusi waliomletea mtoto Yesu zawadi, hupita mitaani wakirusha peremende, na wenyeji hugeuza miavuli juu chini kuzidaka. Wanao hawatakusamehe wakikosa hilo.