Maswali na Majibu: Windows 10 Imefika Mwisho, Nihamie Mac au Linux?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Nina ofisi ndogo hapa Mombasa ya kuandika hesabu za wafanyabiashara na kuwasaidia kuwasilisha ritani zao za kodi kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ina kichakata cha i5-6300U, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Inaniambia kwamba haifai kwa Windows 11, na nimesikia kwamba Windows 10 imeachwa. Jirani ananiuzia MacBook Air ya 2017. Mpwa wangu naye ananisihi niweke mfumo wa Linux badala ya Windows, kwa kuwa ni wa bure. Kazi zangu ni Excel, Tally (programu ya uhasibu), barua pepe, na tovuti za serikali za iTax na eCitizen, na faili za wateja ziko kwenye diski ya nje ya TB 1. Nihamie wapi, na nihame vipi bila kupoteza kitu?

JIBU: Nakushukuru, dada, hasa kwa kuniandikia namba kamili ya kichakata, kwa sababu namba hiyo peke yake inaeleza chanzo cha tatizo lako. Katika i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi, nacho ni kizazi cha 6 cha Intel. Microsoft ilipotoa Windows 11 mwezi Oktoba 2021 iliweka sharti la chipu ya usalama ya TPM 2.0 na orodha ya vichakata vinavyokubaliwa, na kwa upande wa Intel orodha hiyo, ukiacha vichache sana, huanzia kizazi cha 8. Laptopu yako si mbovu wala si dhaifu kwa kazi unazozitaja. Imeachwa nje ya orodha tu.

Ama kuhusu Windows 10, ulichosikia ni kweli: ilitoka Julai 2015 na huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo haina maana kwamba mashine itazimika. Maana yake ni kwamba mianya ya usalama inayogunduliwa baada ya tarehe hiyo haizibwi tena kwa mtumiaji wa kawaida, ilhali kompyuta yako imebeba PIN za KRA, nakala za vitambulisho na hesabu za watu waliokuamini. Kwa hiyo uko sahihi kulitazama jambo hili mapema.

Kabla sijafika kwenye Mac na Linux, nikutahadharishe juu ya njia ya tatu ambayo fundi yeyote wa mjini atakupendekezea, nayo ni kuweka Windows 11 kwa kuruka masharti. Inawezekana kabisa, programu ya Rufus, inayotumika kutengeneza flashi ya usakinishaji, ina chaguo la kuondoa ukaguzi wa TPM, na mashine itawaka na kufanya kazi. Hata hivyo, Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho, na matoleo makubwa ya kila mwaka itakubidi uyaweke mwenyewe kwa mkono. Kwa kompyuta ya kutazamia filamu nyumbani sina pingamizi. Kwa ofisi inayoshika hesabu za watu wengine, siwezi kukushauri uegemee juu ya kitu ambacho mtengenezaji wake mwenyewe hakuahidi kukitunza.

Sasa MacBook. Usiinunue, na sababu si bei. MacBook Air ya 2017 mwisho wake rasmi ni macOS Monterey, iliyotoka 2021, na Apple iliacha kuipa Monterey viraka vya kawaida vya usalama mwaka 2024. Yaani ungeikimbia Windows 10 iliyoachwa Oktoba 2025 na kuingia kwenye mfumo ulioachwa kabla yake, na juu ya hayo ungelipa fedha: huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto. RAM ya mashine hiyo imelehemiwa kwenye bodi, kwa hiyo haiongezeki. Isitoshe, Apple imeshatangaza kwamba macOS Tahoe, ya mwaka 2025, ndiyo ya mwisho kupokelewa na Mac zenye vichakata vya Intel, hata zile zilizo mpya kuliko hiyo. Ikiwa siku moja utaamua kwenda upande wa Apple, anza na Air yenye chipu ya M1, iliyotoka mwisho wa 2020, au iliyo mpya zaidi.

Lakini hata Mac mpya isingekuwa jibu lako, na hapa ndipo ninapokuomba utulie, kwa maana ndipo watu wengi wanapoumia. Mtu anapohama mfumo mmoja kwenda mwingine, faili zake huhama naye karibu zote bila taabu, programu hazihami. Picha, PDF, hati za Word na majedwali ya Excel yatafunguka popote. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows itabaki kwenye Windows, isipokuwa mtengenezaji wake ametoa toleo jingine. Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni orodha ya kazi za wiki nzima, moja baada ya nyingine, na kuuliza kila moja inategemea nini hasa.

Katika orodha yako, eCitizen na sehemu kubwa ya iTax hufanyika ndani ya kivinjari, na Firefox au Chrome kwenye Linux ni zilezile ulizozizoea. Barua pepe ni hivyohivyo. Ikiwa unatumia Outlook ya kwenye kompyuta yenye faili za PST za miaka mingi, hakikisha kwanza kwamba barua zako zote ziko kwenye seva na si kwenye diski peke yake. WhatsApp haina programu rasmi ya Linux, kwa hiyo utaifungua kwenye kivinjari.

Excel inahitaji maelezo marefu kidogo. Linux huja na LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi faili za xlsx na docx, na kwa jedwali la kawaida la mauzo na manunuzi, lenye kujumlisha na kuchuja, hutaona tofauti kubwa. Utakachokiona mapema ni mpangilio wa kurasa kuhama katika barua na ankara, na mara nyingi chanzo chake ni fonti: Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft na hazimo kwenye Linux. Sakinisha fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zimepimwa upana uleule, na mistari itarudi ilipokuwa. Makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili ili zijiendeshe zenyewe, ni jambo jingine. LibreOffice inazielewa baadhi tu, na fomu ya ritani ya KRA ile ya Excel imejengwa juu ya makro tupu: unaijaza, unabonyeza Validate, inakagua kila ukurasa, kisha inatengeneza faili ya zip ambayo ndiyo unayoipandisha kwenye iTax. Kitufe hicho kisipofanya kazi, huna ritani, hata kama kila namba uliyoiandika ni sahihi. Kwa mtu anayejaza ritani yake mwenyewe mara moja kwa mwaka, angeweza kwenda saiba na kumaliza. Kwa wewe, ambaye ndiyo riziki yako, na wateja wote wanakuja wiki ya mwisho ya Juni, fomu hiyo inahitaji Excel halisi juu ya Windows.

Tally iko katika hali hiyohiyo. TallyPrime imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Mpwa wako huenda akakutajia Wine, ambayo huendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, na ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini vitabu vya wateja si mahali pa kujaribia. Atakutajia pia kuiendesha Windows ndani ya dirisha kwa VirtualBox. Kwa RAM ya GB 8 mifumo miwili ikiwaka kwa pamoja itakuwa na uzito, ingawa EliteBook yako, tofauti na ile MacBook, inaruhusu kuongeza RAM.

Kwa sababu hizo, ushauri wangu ni uweke mifumo yote miwili kwenye laptopu hiyohiyo: Linux iwe ya kila siku, kwa intaneti, barua pepe na hati, Windows 10 ibaki kwa Tally na fomu za ritani, na isitumike kuvinjari wala kufungua viambatisho vya barua pepe. Toleo ninalokupendekezea ni Linux Mint 22, kwa kuwa sura yake, yenye menyu kwenye kona ya chini kushoto, haitamsumbua aliyezoea Windows, na limejengwa juu ya Ubuntu 24.04, hivyo litaendelea kupata viraka hadi Aprili 2029. Mashine yako inalimudu bila shida.

Utaratibu wenyewe ufuate hatua kwa hatua, na usifanywe wiki yenye kazi nyingi. Kwanza nakala za akiba: data ya Tally, faili zote, na alamisho na nywila za kivinjari. Kama fundi ataona lazima kuifuta diski nzima, sharti leseni ya Tally irudishwe kwanza kutoka ndani ya programu yenyewe, maana leseni hiyo hufungwa na kompyuta. Pili, angalia kama BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski kwa siri, imewashwa. Ikiwa imewashwa, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi kabla ya kugusa kitu, kwa kuwa mabadiliko ya uwashaji huifanya Windows iudai ufunguo huo, na asiye nao hana njia ya kuzifikia faili zake.

Tatu, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na uandike powercfg /h off. Amri hii fupi huzima ile tabia ya Windows ya kujifanya imezimika huku imejihifadhi nusu, iitwayo Fast Startup. Ikiachwa, Linux itaikuta sehemu ya Windows ikiwa kama iliyo kazini, na itaifungua kwa kusoma tu au itakataa kabisa. Malalamiko mengi ya kwamba “Linux imefunga faili zangu” yanatokana na hapa.

Nne, ukiwa bado ndani ya Windows, punguza sehemu yake kwa kutumia Disk Management na uache GB 80 hivi zikiwa tupu. Kisha washa laptopu kutoka kwenye flashi ya Mint bila kusakinisha chochote. Hatua hii usiiruke kamwe. Mfumo utaendeshwa kutoka kwenye flashi, nawe utajaribu Wi-Fi, sauti, kamera, modemu yako ya USB na printa ya ofisini. Printa za HP kwa kawaida hutambuliwa zenyewe. Za kampuni nyingine hutegemea modeli, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kusakinisha. Ukiridhika, chagua kusakinisha pembeni mwa Windows, na usichague kufuta diski.

Baada ya hapo kuna jambo dogo litakalokushangaza: ukirudi kwenye Windows, saa itakuwa nyuma kwa saa 3 kamili. Betri haijafa. Linux huhifadhi saa ya mashine kwa majira ya UTC, Windows huihesabu kuwa ni majira ya mahali ulipo, na Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele. Andika timedatectl set-local-rtc 1 kwenye terminali ya Mint, uirekebishe saa mara moja, na haitarudia. Usilipuuze, kwani Tally na ankara zako hubeba tarehe kutoka kwenye saa hiyo.

Kuhusu diski ya nje, kwa uwezekano mkubwa imefomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa kuhifadhi faili unaotumiwa na Windows. Linux huisoma na kuiandika. Mac ingeisoma tu bila kuiandika, sababu nyingine ya kuishukuru subira yako kwa jirani. Iache ilivyo. Nunua ya pili kwa ajili ya nakala na uifomati kwa exFAT, ambayo hukubaliwa na mifumo yote mitatu, ukikumbuka kuitoa kwa utaratibu kabla ya kuichomoa, kwa kuwa exFAT haina kumbukumbu ya ndani ya kujirekebisha kama NTFS. Angalia pia majina ya faili: Linux hukuruhusu kuandika nukta pacha au alama ya kuuliza katika jina, Windows haikubali, na Linux huhesabu Ritani.xlsx na ritani.xlsx kuwa faili mbili tofauti. Tumia herufi, tarakimu na kistari tu.

Limebaki suala la Windows 10 itakayosalia upande wa pili. Microsoft ilifungua mpango wa viraka vya nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026, na mtu anaweza kujiunga bila malipo kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yake ihifadhiwe huko, au kwa kulipa dola 30. Sharti ni uwe na toleo la 22H2. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya Windows Update, utafute kiungo cha kujiunga. Ukikikuta, jiunge leo hii kabla hata ya kuanza kutengeneza flashi ya Mint, ili fomu za Juni uzijaze juu ya mfumo ambao bado unazibwa mianya, na upate muda wa kuweka akiba ya laptopu yenye kichakata cha kizazi cha 8 au zaidi.