Maswali na Majibu: Kuipa Besi ya Bei Nafuu Sauti Iliyo Bora

Maswali yote tunayojibu safari hii yanatoka kwa wapigaji wenye gitaa la besi lililonunuliwa kwa bei ndogo, ambao wanataka sauti bora kabla ya kufikiria kununua jingine.

Nimenunua besi ya bei ya chini yenye pikapu mbili. Sauti yake imefifia, na kila noti hufa mara tu ninapoipiga. Rafiki yangu ananishauri nibadilishe pikapu. Je, nianzie hapo? (Msomaji, Tanga)

Usianzie hapo. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, na kazi yake ni kunasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme. Mlio ambao uzi wenyewe hautoi, pikapu haiwezi kuuzua. Besi nyingi za bei nafuu hufika mikononi mwa mnunuzi zikiwa na nyuzi zilizokaa dukani muda mrefu, na wewe uliye Tanga unajua jinsi hewa ya bahari inavyokula chuma. Uzi ulioshika kutu, jasho na vumbi huwa na uzito usio sawa katika urefu wake, kwa hiyo hautetemi vizuri, haushiki sauti yake sawasawa na hauna uhai wowote. Niliwahi kubadilisha pikapu za besi yangu na kuziacha nyuzi zile zile za zamani, na kwa fedha yote niliyolipa sikusikia tofauti ya maana mpaka siku nilipofunga nyuzi mpya.

Nyuzi zenyewe ni za aina mbili kuu. Zile zilizozungushiwa waya wa mviringo, ambazo ukizipapasa unahisi mikwaruzo, hutoa mlio mkali na wa kuvuma. Ndizo zilizoenea kuanzia katikati ya miaka ya 1960, wakati kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilipoziboresha pamoja na mpiga besi wa bendi ya roki ya The Who, John Entwistle. Zile zilizozungushiwa utepe bapa ni laini kwa vidole, na mlio wake ni mzito, mfupi na wa mviringo. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, Marekani, alitumia nyuzi bapa kwenye besi ya Fender Precision ya mwaka 1962, na alijulikana kwa kutozibadilisha isipokuwa uzi ukikatika. Ukisikia mtu akisema nyuzi kuukuu ndizo tamu, anazungumzia sauti ya namna hiyo, inayotokana na nyuzi bapa zilizozoeleka vidoleni, wala si nyuzi za mviringo zilizoshika kutu. Kwa rumba na muziki wa dansi, napenda nyuzi bapa. Kwa benga, ambayo besi yake hukimbia mbele na kusikika waziwazi, ningefunga za mviringo.

Unene wa kawaida ni kuanzia inchi 0.045 kwa uzi wa G, ulio mwembamba kuliko wote, hadi 0.105 kwa uzi wa E, ulio mnene kuliko wote. Unapofunga uzi mpya, ukunje kwanza pembe kali kwenye kifundo cha kukazia kabla ya kuukata, kwa sababu ukiukata ungali umenyooka, waya wa nje unaweza kulegea juu ya kiini chake, na uzi utakuwa umekufa tangu siku ya kwanza.

Ni kweli kwamba nyuzi za zamani zikichemshwa hufufuka? (Msomaji, Kisumu)

Ni kweli kwa kiasi. Maji yanayochemka kwa dakika kumi hivi huondoa mafuta na uchafu ulionasa kati ya mizunguko ya waya, na ung'avu fulani hurudi, lakini kwa siku chache tu. Kutu na uchovu wa chuma haviondoki. Zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha. Usizichemshe nyuzi bapa, kwani hutapata faida yoyote, na zile zilizoviringwa hariri kwenye ncha zitaharibu hariri hiyo. Njia iliyo bora zaidi ni kuzifuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga.

Nyuzi za besi yangu ziko juu sana na vidole vinaniuma. Zaidi ya hayo, nikipiga karibu na mwili wa gitaa sauti haikubaliani na kinanda, ingawa nyuzi zikiwa wazi zinakubaliana. Je, besi hii ni mbovu? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, besi hiyo haijarekebishwa tu. Gitaa la bei nafuu hutoka kiwandani bila mtu kulikalia na kulirekebisha, na hapa ndipo tofauti kubwa kati yake na gitaa la bei ya juu inapoanzia. Fundi akilikalia kwa saa moja, au wewe mwenyewe kwa jioni mbili, utapata faida kubwa kuliko kifaa chochote utakachonunua. Kuna mpangilio wa kufuata, kwa sababu kila hatua hugusa inayofuata, na ukianzia katikati utalazimika kurudi nyuma.

Anza na shingo. Kaza nyuzi zote mpaka zifike sauti yake sahihi, kisha bonyeza uzi wa E kwenye freti (kipande cha chuma kinachokatiza shingo) ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, uangalie nafasi iliyobaki chini ya uzi karibu na freti ya saba. Inatakiwa iwe kama milimita 0.3, yaani unene wa karatasi tatu za kawaida za kuchapishia. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imevutwa mbele na nyuzi. Ikiwa haipo kabisa, shingo imenyooka mno au imepinda kinyume, na nyuzi zitakuwa zikigonga freti. Ndani ya shingo mna chuma kinachozungushwa kwa alenki, yaani ufunguo wa pembe sita: kuelekea upande wa saa huinyoosha shingo, na kinyume chake huiachia. Zungusha robo tu kwa mara moja, ukaze nyuzi tena, upime tena. Chuma kikikataa kuzunguka, usikilazimishe, mpelekee fundi. Katika miji ya pwani, ambako unyevu hubadilika kati ya masika na kiangazi, shingo itahitaji kuangaliwa tena majira yakibadilika.

Kisha shughulikia kimo cha nyuzi juu ya shingo. Kila uzi hukalia kitako chake juu ya daraja, yaani kile chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, na kitako hicho hupandishwa au kushushwa kwa skrubu ndogo. Kwenye freti ya 12, nafasi ya milimita 2 hadi 2.5 kati ya freti na sehemu ya chini ya uzi huwafaa watu wengi. Anayepiga kwa nguvu aache nafasi kubwa zaidi, na hilo si kosa, kwa sababu uzi uliopewa nafasi ya kutetemeka hutoa sauti iliyojaa.

Hapo ndipo tunapofikia tatizo lako la kutokubaliana na kinanda. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, uupige, na usome kwenye kifaa cha kupimia sauti. Sasa ubonyeze kwenye freti ile ile, uupige tena. Sauti hizo mbili zinatakiwa zilingane. Ile ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kitako nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo kwa nyuzi zote nne, na uifanye kazi hiyo ukiwa na nyuzi mpya tu, kwa maana uzi uliochakaa hautakupa kipimo cha kuaminika.

Mwisho ni pikapu. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho. Kati ya uzi na pikapu ibaki kama milimita 3 kwa uzi wa E na 2 kwa uzi wa G. Wengi huzipandisha karibu sana wakidhani watapata nguvu, lakini sumaku ikiwa karibu mno huvuta uzi, huukatiza mtetemo wake na kuifanya noti iyumbe.

Besi yangu inanguruma hata nisipoipiga, na hupungua nikishika nyuzi. Tatizo ni nini? (Msomaji, Mombasa)

Kupungua kwa mngurumo unaposhika nyuzi ni dalili njema: waya wa ethi umeunganishwa na daraja, lakini tundu la mwilini mwa gitaa linalokaa pikapu halina ngao ya kuzuia umeme wa nje. Umeme wetu una mzunguko wa 50 Hz, yaani mara 50 kwa sekunde, na noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi wa E ni 49 Hz, kwa hiyo mngurumo huo unakaa kabisa ndani ya eneo la besi na huwezi kuuondoa kwa kupunguza sauti nzito bila kuiua besi yenyewe. Ikiwa gitaa lako lina pikapu mbili za koili moja (kila moja ina mzingo mmoja tu wa waya) zenye volyumu mbili, zifungue zote kikamilifu. Katika magitaa mengi pikapu hizo zimezungushwa kinyume na hufutiana mngurumo. Dawa ya kudumu ni kufunika kuta za tundu hilo kwa utepe wa shaba, vipande vyote vikigusana, na kuuunganisha kwa lehemu na waya wa ethi.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote. Ukihisi umeme ukikuchomachoma unaposhika nyuzi au mdomo unapogusa maikrofoni, acha kupiga mara moja na uchomoe amplifaya. Katika kumbi na makanisa mengi mna soketi ambazo ethi yake haijaunganishwa, au plagi ambayo waya wake wa ethi umekatwa ili mngurumo upungue, na watu wamepoteza maisha kwa sababu hiyo. Tafuta fundi wa umeme kabla ya ibada au onyesho linalofuata.

Betri ya besi yangu huisha kila wiki. Nifanye nini? (Msomaji, Arusha)

Chomoa waya kwenye gitaa unapomaliza. Katika besi nyingi zenye betri ya volti 9, plagi ikiwa ndani betri inaendelea kutumika hata volyumu ikiwa imefungwa.

Nyumbani besi yangu ina sauti nzito na tamu, lakini kwaya ikianza kuimba pamoja na ngoma na kinanda siisikii tena. Nimeongeza sauti nzito mpaka mwisho. Je, ninunue pikapu kali zaidi? (Msomaji, Bukoba)

Punguza hiyo sauti nzito. Uzi wa E ulio wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo haiwezi kuitoa sauti hiyo ipasavyo. Kinachokuwezesha kuitambua noti ni milio iliyo juu yake, kuanzia 82 Hz hadi mamia kadhaa. Ukiongeza sauti nzito, unaitesa spika na kugombana na ngoma kubwa na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Rudisha vifundo vyote vya amplifaya katikati, punguza sauti nzito kidogo, kisha ongeza sauti ya kati taratibu huku bendi nzima ikipiga. Ukiwa peke yako mlio huo utakuonekea mkavu, nawe uuache hivyo, kwa sababu hukuupangia chumba chako. Mwombe pia mpiga kinanda apunguze noti za chini za mkono wa kushoto. Mazungumzo hayo ni magumu, lakini yanafaa kuliko amplifaya mpya.

Halafu tazama mkono wako wa kulia. Ukipiga karibu na shingo, sauti huwa nene lakini haina kingo. Sogeza vidole kuelekea daraja na utasikia noti zikijitenga. Mkono mwepesi wenye amplifaya iliyofunguliwa kidogo zaidi huipa noti nafasi ya kuimba, ilhali mkono mzito hugongesha uzi kwenye freti. Ukitaka noti fupi, weka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, jambo alilolifanya Jamerson pia, na usikilize jinsi besi inavyokaa pamoja na ngoma.

Kuhusu pikapu, zinunue ikiwa nyuzi ni mpya, shingo imerekebishwa, mngurumo umezibwa, na bado uzi mmoja unasikika hafifu kuliko nyingine hata baada ya kurekebisha kimo cha pikapu. Beba gitaa lako dukani na umpe fundi apime ukubwa wa tundu kwanza, kwa kuwa pikapu za mitindo tofauti haziingii katika tundu moja.